Ndoa, Cheti na Ushahidi katika Unguja

Neno "ndoa" limezaliwa na kitenzi chetu cha Kibantu, "oa". "Nikahi" na "akidi" yametoka katika Kiarabu. "Cheti" limetujia kutoka Bara Hindi. Mfasiri hana budi kuizingatia tofauti hii, kwani ndoa na karatasi yake ni mambo mawili, nayo hayakufika pwani kwa njia moja.

Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa Unguja, nikahi hutimia kwa walii, mashahidi wawili waadilifu, na ijabu na kabuli, yaani tamko la kuoza na tamko la kukubali. Maandishi si nguzo. Qurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yaagiza deni la muda liandikwe. Nikahi haikuwekewa sharti hilo. Uthibitisho wake ulikuwa vinywani mwa watu waliohudhuria.

Desturi hii ilikabiliana na matakwa ya ofisi za ugenini hasa baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, jamaa wengi wa Mji Mkongwe na wa mashamba walipotawanyika kwenda Oman, nchi nyingine za Ghuba na Uingereza. Mke aliyetaka kumfuata mumewe alitakiwa cheti. Aliyeozwa nyumbani pasipo daftari hakuwa na cha kuonyesha ila watu.

Hapo ndipo kalamu ya mfasiri inapoweza kuunganisha jamaa au kuwatenga. Kwa kawaida sheria ya Uingereza huipima namna ya kufunga ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Basi "ndoa haikusajiliwa" ikifasiriwa kwa maana ya "ndoa haikufungwa", mke halali hugeuzwa hawara, na nasaba ya wanawe hutiwa shaka. Kadhalika, waraka wa kadhi ulioandikwa miaka mingi baada ya harusi usifanywe cheti cha siku ile. Zitajwe tarehe zote mbili, ya akidi na ya kuandikwa. Nayo hati ya kiapo ibainishe nani aliihudhuria akidi, na nani aliwajua wawili hao kuwa mume na mke kwa sifa ya mtaani tu.

Liko na kosa la pili. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 chaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakatambulikana kuwa mume na mke. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, wala haitumiki Zanzibar. Huko mashauri ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, chini ya sheria ya 1985 na kisha ile ya 2017 iliyochukua nafasi yake.

Kwa hiyo yafaa tushikamane na istilahi nne: "akidi" kwa tendo lenyewe, "usajili" kwa kulitia daftarini, "cheti" kwa waraka wa usajili huo, na "uthibitisho" kwa tamko la kadhi litolewalo baadaye. Neno moja lisibebeshwe kazi ya jingine.