Kundi la jeni B la kuku

Kundi la jeni B ni mkusanyiko wa jeni za kinga ya mwili ulio katika kromosomu ya 16 ya kuku. Lilitambuliwa kwanza kama mfumo wa makundi ya damu. Baadhi ya jeni zake huunda protini zinazoonyesha vipande vya virusi juu ya seli, ili chembe nyeupe za damu ziziue seli zilizoambukizwa. Kundi hili ni dogo mno likilinganishwa na la binadamu, hivyo tofauti ya jeni moja huwa na uzito mkubwa. Kuku wenye aina ya B21 hustahimili ugonjwa wa Marek, unaoleta kupooza na uvimbe wa saratani. Wenye B19 huugua kwa urahisi. Ustahimilivu huo hauondoi haja ya chanjo.