Hesabu 12 Ndani ya Visanduku 16

Desemba 1997, huko Sint-Martens-Latem, karibu na mji wa Gent nchini Ubelgiji, kampuni ya Image-Line ilianza kutoa programu ya Didier Dambrin iliyoitwa FruityLoops. Wakati huo ilikuwa mashine ya ngoma tu, yenye chaneli nne. Kila sauti ina safu yake, na kila safu ina visanduku 16 vilivyotiwa rangi vinne vinne. Unabofya kisanduku, ngoma inalia. Mwaka 2003 ikabadilishwa jina ikawa FL Studio. Leo, huku kwetu Maniema, mashariki ya Kongo, ukiuliza vijana wa Kindu, Kasongo au Kabambare biti wanaitengeneza na nini, wengi watakutajia jina hilo kabla hujamaliza swali.

Sisi wa Kasongo Wabelgiji tuliwajua kwa tarehe nyingine. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Francis Dhanis waliuteka mji kutoka mikononi mwa watu wa Sefu, mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip. Waliowafuata walikusanya na kuandika kila walichokikuta, zikiwemo ngoma zetu. Mwaka 1951 Olga Boone wa makumbusho ya Tervuren alitoa kitabu kizima juu ya ngoma za Kongo ya Wabelgiji. Kitabu kinaweza kutunza umbo la ngoma. Mdundo wenyewe unahitaji chombo kinachoweza kuukumbuka na kuurudia, na historia ya vyombo hivyo, hasa vile visivyojulikana sana, ndiyo niliyoifuata kwa miaka yote ya kazi yangu.

Mimi ni fundi wa studio ndogo hapa Kasongo. Umeme wangu ni paneli za sola na betri za gari, na ordinatere yangu ni ya mtumba. Wanaonijia ni kwaya za Wakatoliki na za Waprotestanti, vijana wa rap, na mwezi wa Maulidi ukikaribia, vijana wa madrasa wanaorekodi kaswida, maana Uislamu ulioletwa na Waungwana, wafuasi Waswahili wa Tippu Tip, haukuondoka naye. FruityLoops ilinifikia kama ilivyowafikia wenzangu wengi, kwa CD za kunakiliwa, baadaye kwa flash zilizopita mikono mingi toka Bukavu, Lubumbashi na Kigoma. Nililelewa nayo na ninaiheshimu.

Lakini visanduku 16 vimetufanyia jambo moja ambalo halijasemwa vya kutosha. Vinafaa rumba, vinafaa rap, vinafaa ndombolo. Midundo mingi niliyoisikia kwa wazee upande wa Kabambare haitembei kwa 16, inatembea kwa 12. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyeanza kuzunguka Afrika mwaka 1959, ameonyesha kwamba mzunguko wa hesabu 12 wenye mapigo matano umeenea katika ukanda mpana wa Afrika ya kati. Uzuri wa 12 ni kwamba inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita. Mguu wa mchezaji unahesabu nne, makofi ya wanawake yanahesabu tatu, na wote wanafika nyumbani pamoja. Ile 16 haikubali tatu kabisa.

Mjomba wangu, Mubangubangu wa Kabambare, alikuja Kasongo kutibiwa macho akakaa kwetu. Jioni moja nilimpa bidoni tupu na vijiti viwili nikamwomba anipigie mdundo wa ujana wake. Nikahesabu: katika 12, vijiti viligonga hesabu ya 1, 3, 5, 8 na 10, kisha vikaanza tena. Nikafungua FL Studio na kuyasogeza mapigo hayo kwenye visanduku vya karibu zaidi: 1, 4, 6, 10 na 13. Nikampigia.

“Mwipwa, huyu anachechemea.”

“Anachechemea wapi, mjomba?”

“Kila mahali. Anatembea lakini njia si yake.”

Haki isemwe: programu hiyo inaruhusu kubadilisha hesabu, na anayeijua vizuri atafika kwenye 12. Ila kijana anayejifunza peke yake huanza na kile anachokikuta kimefunguliwa mbele yake, na anachokikuta ni 16. Miaka ikipita, sikio lake linazoea, na mdundo wa babu yake unaanza kumwonekea kama kosa. Hilo ndilo linaloniuma.

Usiku ule nilifungua OpenMPT. Hii ni ya ukoo wa programu zinazoitwa traka, ukoo ambao huku kwetu ni wachache mno wanaoujua. Mwanzo wake ni 1987, Mjerumani Karsten Obarski alipotoa Ultimate Soundtracker kwa ajili ya kompyuta za Amiga, akilenga muziki wa michezo. Hakuna visanduku. Kuna mistari ya namba na herufi inayoshuka toka juu kwenda chini, safu nne kwa chaneli nne, mistari 64 kwa ukurasa. Kila mstari unasema lia sasa, sauti ipi, kwa nguvu gani, au nyamaza. Sauti chache fupi zinatumika tena na tena, hivyo wimbo mzima uliingia kwenye disketi na nafasi ikabaki. Mwaka 1994 kundi la Triton la Uswidi likatoa FastTracker 2, ambayo ukurasa wake unaweza kuwa na mistari yoyote hadi 256. OpenMPT yenyewe ilizaliwa na ModPlug Tracker ya Olivier Lapicque.

Hapo kwenye urefu wa ukurasa ndipo pana siri. Niliweka mistari 48, yaani minne kwa kila hesabu ya mjomba. Kijiti nikakiandika mstari wa 0, 8, 16, 28 na 36. Mguu nikauweka 0, 12, 24 na 36. Mjomba akasikiliza mzunguko mara kadhaa, akafumba macho.

“Sasa ni mtu wa kwetu. Lakini pigo la mwisho ana haraka. Mwambie angoje.”

Nikalisogeza pigo la mwisho toka mstari wa 36 hadi 37, mguu nikauacha palepale. Akaitikia kwa kichwa. Mstari mmoja katika 48! Kwenye visanduku 16 pengo hilo dogo halina pa kukaa mpaka uingie kwenye mipangilio mingine, na wengi wetu hatuingii.

Jambo la pili nililipata kwa watu wa zikiri. Zikiri huanza polepole, halafu pumzi zinakazana, mwendo unapanda bila mtu kuamuru. Biti ya mwendo mmoja inaiua. Katika FastTracker 2 na wajukuu wake, mwendo unaandikwa ndani ya mstari wenyewe kwa herufi F na namba za mfumo wa kumi na sita: F5A ni mwendo wa 90, F7D ni 125, F90 ni 144. Unaweza kupanda ngazi moja moja, mstari huu na huu, kama waimbaji wanavyopanda. Nilipowapigia vijana wa madrasa dufu lililopangwa hivyo, waliimba hadi mwisho bila kukatika.

Wapo wengine katika ukoo huu. SunVox ya Mrusi Alexander Zolotov, iliyotoka 2008, inaunganisha traka na mitambo ya kutengeneza sauti, na inakubali mashine dhaifu ambazo programu kubwa zinazikataa. Kwenye ordinatere ni ya bure. Kwa mtu anayeishi kwa betri, mashine inayokula umeme kidogo ndiyo inayomfikisha mwisho wa wimbo.

Hilo la umeme linanileta kwa watu wawili ninaowapenda bila kuwajua. Devine Lu Linvega na Rekka Bellum, wanaojiita Hundred Rabbits, walihamia kwenye mashua ya tanga wakavuka Bahari ya Pasifiki, umeme wao ukiwa wa sola. Programu kubwa ziliwamalizia betri na kudai intaneti wasiyokuwa nayo, wakaanza kujitengenezea ndogo zao. Mojawapo, ORCA ya 2018, ni uwanja mtupu ambamo unaandika herufi, na kila herufi ya alfabeti ina kazi yake. Yenyewe haitoi sauti, inatuma amri kwa programu nyingine. Nilipoufungua uwanja ule kwa mara ya kwanza sikuona hata pa kuanzia. Kisha nikasoma juu ya herufi U.

U inagawa mapigo ndani ya mzunguko kwa usawa unaowezekana. Chimbuko lake ni hesabu ya Euclid, Mgiriki wa zamani. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mwalimu wa kompyuta wa chuo kikuu cha McGill, Montréal, alionyesha kwamba njia hiyo ya kale inazalisha midundo ya jadi ya sehemu nyingi za dunia, na ya Afrika ikiwemo. Katika ORCA namba 12 inaandikwa c. Basi niliandika 5Uc, yaani mapigo matano ndani ya 12. Ikatoka 3, 2, 3, 2, 2. Nikaitazama kwa muda. Ni mzunguko wa mjomba, umeanzia pahali pengine tu. Wale wawili wa mashua na mzee wa bidoni hawajakutana, na hesabu imewakutanisha.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba ulimwengu husikiliza pale mtu anapopiga cha kwake. Singeli ya mitaa ya Dar es Salaam, yenye mwendo mkali kuliko chochote kilichozoeleka, ilivuka bahari mwaka 2017 kwa mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwanamuziki Rey Sapienz wa Bunia, Mkongo wa mashariki kama sisi, alifanya kazi zake hukohuko Kampala. Hakuna kati yao aliyengoja studio ya Paris.

Maniema haijafanya hivyo bado, na wanaojua midundo ya 12 wanapungua. Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu wa Kasongo, Kabambare, Kibombo na Kindu: kabla ya kumtengenezea kijana biti nyingine, mkalisheni mzee mmoja mbele ya maikrofoni na kitu chochote cha kugonga. Msimsahihishe. Hesabuni mzunguko wake, fungueni OpenMPT, wekeni mistari 48, andikeni anavyopiga na si kama visanduku vinavyotaka. Andikeni pia jina lake, kijiji chake, na ngoma hiyo ilipigwa wakati gani. Mafaili ya mjomba ni madogo, yote yanaingia kwenye flash yoyote, na fundi atakayefika kwangu na flash yake nampa bure.