Ziwa Eyasi: Je, kumwaga vifaranga kutarudisha samaki?

Kila Ziwa Eyasi linapokauka, swali hili hurudi Karatu: kwa nini tusilete vifaranga vya samaki tukavimwaga ziwani? Wazo ni zuri kulisikia, lakini lina hatari zake.

Ziwa likoje?
Eyasi ni ziwa la magadi katika Bonde la Ufa. Kina chake ni kifupi na halina mto unaotoa maji. Maji huingia kwa Mto Sibiti kutoka Ziwa Kitangiri, Singida, na kwa Mto Baray upande wa Mang'ola, ambako chemchemi hutegemea misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Mvua ikiwa nyingi uvuvi hushamiri. Ukame ukizidi hubaki chumvi tupu.

Samaki gani wamo?
Wamo kambare na perege. Perege wa asili wa hapa, ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, hupatikana Tanzania pekee, katika maziwa machache kama Eyasi, Manyara na Kitangiri. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hatari iko wapi?
Vifaranga vinavyouzwa nchini kwa wafugaji ni hasa vya sato na kambare. Bwawani havina tatizo. Lakini sato akiingia ziwani huweza kuzaana na perege wa asili, wakapatikana machotara, na wa asili akapotea taratibu. Ziwa Victoria ni funzo: sato na sangara walipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, na ngege, aliyekuwa kitoweo kikuu, nusura atoweke.

Hata Marekani, ambako samaki wa salmoni wamezalishwa vituoni kwa zaidi ya miaka 100, vifaranga havikuweza kuziba pengo la mito iliyoharibiwa.

Nini kinarudisha samaki?
Ziwa linapopungua, samaki wachache hubaki kwenye midomo ya mito na chemchemi. Hao ndio mbegu ya msimu ujao. Wakizolewa kwa makokoro na nyavu zenye matundu madogo, mvua ikirudi ziwa litajaa maji bila samaki. Vivyo hivyo, pampu za mashamba ya vitunguu zikinyonya Baray yote, mbegu hiyo haina pa kuishi.

Kwa hiyo maeneo hayo yanahitaji kulindwa wakati wa kiangazi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya BMU, ambavyo wavuvi hushirikiana navyo na serikali katika ulinzi. Na kwa kuwa ziwa linagusa zaidi ya mkoa mmoja, Karatu ikilinda peke yake haitafika mbali.

Unataka kuchimba bwawa la samaki?
Muone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri. Muulize ufuge samaki gani, na bwawa liwe umbali gani kutoka mtoni. Bwawa likifurika masika, sato wako hawatauliza njia ya kwenda Eyasi.