Mwali Aliyefanywa Somo

Katika mila za pwani yetu mwali hakupewa kazi ya kuwafunda wali wenzake. Kazi hiyo ilikuwa ya kungwi, au somo kama aitwavyo mahali pengi: mwanamke mzima, mwenye kujua la kusemwa na la kusitiriwa. Mwali alipokosa adabu baada ya kutolewa nje, lawama haikumwendea yeye peke yake. Somo wake naye aliulizwa amemfunda nini. Nalitaja jambo hili mwanzoni, si kwa kutaka kuihukumu dunia nzima kwa kipimo cha pwani, bali kwa kuwa limenisaidia kuona kilichopinduliwa katika historia ya waimbaji wasichana wa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1960. Huko mwali alifanywa somo, na makungwi wenyewe wakajitenga kando.

Kisa cha kwanza ni cha Ufaransa. France Gall alizaliwa mwaka 1947. Mwezi wa Machi 1965, naye ana umri wa miaka 17, alishinda mashindano ya nyimbo ya Eurovision yaliyofanyika Naples, akiiwakilisha Luxembourg kwa wimbo uliotungwa na Serge Gainsbourg. Mwaka uliofuata Gainsbourg alimtungia wimbo mwingine, Les Sucettes, juu ya msichana apendaye peremende za kijiti. Maneno yake yalikuwa na maana mbili: ya juu ya kitoto, na ya ndani ya mambo ya kitandani. Sisi tuliolelewa katika mashairi na taarabu hatushangazwi na fumbo. Lakini katika fumbo letu mwimbaji ndiye mwenye siri, na asiyejua, kama yupo, ni yule apigwaye kijembe. Hapa asiyejua alikuwa mwimbaji. Mtunzi alikuwa na miaka 38, na msichana alikuwa na 18. Gall alieleza baadaye kwamba aliirekodi maana ya kwanza tu, na kwamba alipoijua ya pili aliona haya kubwa, akajihisi amesalitiwa na watu wazima waliokuwa wakimzunguka. Alipofariki mwezi wa Januari 2018, mwanamke wa miaka 70 mwenye nyimbo nyingine nyingi zilizopendwa, taazia zake zilirudi tena kwenye peremende zile.

Kisa cha Gall ni chepesi kukihukumu, maana hakujua. Kigumu ni cha msichana wa Marekani ambaye hakudai kwamba hakujua.

Britney Spears alizaliwa Desemba 1981, akakulia Kentwood, mji mdogo wa jimbo la Louisiana. Utotoni alionekana katika kipindi cha televisheni cha Mickey Mouse Club. Alipofika miaka 15 alichukuliwa na kampuni ya santuri ya Jive. Wimbo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1998, naye ana miaka 16. Katika video ya wimbo huo amevaa sare ya shule iliyopunguzwa stara. Wazo la shule na sare lilikuwa lake, naye hajapata kulikana. Albamu iliyofuata mwezi wa Januari 1999 ilishika mara moja nafasi ya kwanza nchini Marekani, ikauzwa humo zaidi ya nakala 10,000,000. Mwezi wa Aprili gazeti la Rolling Stone likamweka katika jalada lake. Picha ile iliunganisha kwa makusudi utoto na ashiki: kitanda na mavazi ya faragha upande mmoja, na mwanasesere wa kipindi cha watoto wadogo upande mwingine. Mwenye picha alikuwa na miaka 17.

Hapo yafaa tusimame. Jalada la gazeti si kazi ya mtu mmoja. Lina mpiga picha, naye hapa alikuwa David LaChapelle. Lina mhariri achaguaye picha moja katika nyingi. Lina mwenye gazeti alipaye gharama. Na nyuma yao kuna kampuni ya santuri yenye albamu ya kuuza. Wote hao walikuwa watu wazima. Chama cha American Family Association kililalamika, tena kwa haki, kwamba picha imechanganya kutojua kwa mtoto na mambo ya wakubwa. Lakini kilipotafuta pa kupiga, kiliwataka wamchao Mungu wayasusie maduka yauzayo albamu za Britney. Adhabu ilielekezwa kwa jina la msichana, na mhariri akalala salama.

Yasemwa, "Mwenyewe alitaka." Naam, yamkini alitaka. Msichana wa miaka 16 hutaka mambo mengi, na katika hayo watu wazima waliomzunguka huidhinisha mengine na kukataa mengine. Lililoidhinishwa ni lile lililouzika. Laiti angetaka kuvaa joho refu na kuimba zaburi, sidhani kama kampuni ingelipia video yake. Kutaka kwake ni kweli. Ila si kweli ya kutosha kuwafuta wengine katika hesabu.

Kutoka hapo likaja neno la kielelezo. Shaaban Robert alimtolea Siti binti Saad sifa za kielelezo katika wasifu uliochapishwa baada ya mwimbaji yule kufariki mwaka 1950. Alikuwa na maisha mazima ya kuyapima. Britney alitwikwa cheo hicho kabla hajatimiza miaka 18, na hakuna aliyempima kwa lolote ila mauzo. Mwaka 2003, katika mkutano wa kuzuia ukatili wa majumbani, mke wa gavana wa Maryland alisema kwamba lau angepata nafasi ya kumpiga risasi Britney Spears, angefanya hivyo. Ofisi yake ilisema baadaye kuwa ni namna ya kusema tu. Maneno hayo alirudishiwa mwimbaji mwenyewe katika mahojiano ya televisheni mwaka huohuo, naye ana miaka 21, kana kwamba mwenye kujieleza ni yeye. Alijibu kwamba hakuwekwa duniani kulea watoto wa watu.

Mwaka 2007 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilitoa ripoti juu ya wasichana kugeuzwa vyombo vya ashiki. Lilihusisha picha za namna hiyo na aibu ya mwili, maradhi ya kujinyima chakula na huzuni ya moyo. Sina sababu ya kuipuuza; hofu ya wazazi ilikuwa na msingi. Nashangaa tu kwamba katika mabishano ya wakati ule wasichana wa kuhofiwa walikuwa daima wale watazamao picha, na yule aliyemo ndani ya picha akawekwa upande wa washitakiwa. Naye alikuwa wa umri wao.

Mwezi wa Februari 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka Britney, mama wa watoto wawili mwenye miaka 26, chini ya uangalizi wa baba yake, kwa kuwa hawezi kujiamulia mambo ya nafsi na mali yake. Tuziweke tarehe hizi pamoja. Alipokuwa na miaka 17 alihesabiwa mpevu wa kutosha kubeba maadili ya mabinti wa taifa zima. Alipokuwa na miaka 26 alihesabiwa mtoto asiyeweza kushika fedha zake. Na katika utoto huo wa kisheria aliendelea kufanya kazi: tangu Desemba 2013 mpaka Desemba 2017 alikuwa na maonyesho yake Las Vegas, na tiketi zikauzwa.

Mwezi wa Juni 2021 alizungumza mbele ya jaji kwa muda wa dakika zaidi ya 20, akaomba aachiliwe. Tarehe 12 Novemba mwaka huo uangalizi uliondolewa. Zilikuwa zimebaki siku 20 atimize miaka 40.