Masjala ya Mbali

Lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, jalada la serikali lilikaa masjala. Karani wa Gitting, huko Hanang, aliyehitaji jalada lililo Arusha, makao ya mkoa wakati ule, hakuwa na njia ila posta au safari.

Mwaka 1995, baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo chake huko Espoo, Tatu Ylönen alibuni itifaki ya SSH, isimbayo kila kipitacho njiani. Kwayo dirisha la kompyuta huonyesha jalada la mbali kana kwamba limo mezani.

Wako wafasiri waliitao dirisha hilo “kidhibiti faili”. Twalikubali shingo upande, kwani halitaji ulinzi. Masjala ilikuwa na mtunza ufunguo, na daftari la walioazima. Twapendekeza “masjala ya mbali”.