Vijiko vya kuserereka: vidogo na vikubwa

Kijiko cha kuserereka ni mashine ya kuchota, kubeba na kupakia mzigo. Ina magurudumu manne yasiyopinda kwenye kona, mikono, kwa kawaida miwili, inayopita ubavuni mwa kebini, na ndoo ya mbele inayong'olewa ikawekwa kifaa kingine. Kwenye mjengo wengi hukiita Bobcat, hata kikiwa kimeundwa na Caterpillar, Case, JCB au Gehl. Hugeuka kwa kuzungusha magurudumu ya upande mmoja kwa kasi kuliko ya upande wa pili. Kushoto kukienda mbele na kulia kukirudi nyuma, mashine huzunguka papo hapo iliposimama huku matairi yakiserereka chini. Vipo vyenye uzito wa tani 1 na ushei, vinavyopita kwenye mlango wa nyumba, na vipo vya zaidi ya tani 4.

Asili

Mashine hii ilizaliwa kwa sababu ya batamzinga. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, walikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma huko Rothsay, jimbo la Minnesota, Marekani. Mfugaji mmoja, Eddie Velo, alikuwa na banda la ghorofa lililojaa nguzo. Kuondoa samadi kwa mikono kulikuwa kunamchosha, na trekta ya kawaida isingeweza kuzunguka katikati ya nguzo, achilia mbali kubebwa na sakafu ya juu. Wakina Keller wakamtengenezea kijiko chepesi cha magurudumu matatu, mawili ya mbele ya kusukuma na moja dogo la nyuma linalojizungukia lenyewe, wakamkabidhi mwanzoni mwa 1957.

Mwaka 1958 kampuni ya Melroe ya Gwinner, North Dakota, iliwachukua ndugu hao pamoja na mashine yao, ikatoa modeli ya M60. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa linazama kwenye udongo laini, kwa hiyo mwaka 1960 ikaja M400 yenye magurudumu manne, yote yakisukumwa na injini. Hapo ndipo kuserereka kulipoanza. Jina la Bobcat lilifuata mwaka 1962. Udogo, basi, ulikuwa ndiyo sharti la kwanza la mashine hii, na ukubwa ulikuja baadaye, wateja walipotaka kuitumia barabarani na kwenye machimbo.

Uzito unavyofanya kazi

Injini imewekwa nyuma ya opereta ili iwe uzito wa kusawazisha mzigo. Ndoo ikiwa tupu, takriban asilimia 70 ya uzito wote hukaa kwenye magurudumu ya nyuma; ikijaa, uzito huhamia mbele. Katika hali zote mbili upande mmoja unakuwa mwepesi, na ndio unaoserereka kwa urahisi mashine inapogeuka. Shida huja mzigo unapokuwa wa wastani na uzito ukagawanyika nusu kwa nusu. Hapo magurudumu yote manne yanashika chini, injini inaguna na matairi yanalika.

Hali hiyo ndiyo inayotenganisha kidogo na kikubwa kwenye sakafu iliyokamilika. Kijiko cha tani 4 kikigeuka papo hapo juu ya nyasi, huacha duara la udongo mtupu, na kwenye matofali ya njia hung'oa kingo. Kidogo nacho huchubua, lakini opereta mzoefu anayegeuka taratibu kwa kona pana anaweza kumaliza kazi ya siku bustanini bila mwenye nyumba kupiga kelele.

Namna ya kupima ukubwa

Watengenezaji hupanga vijiko hivi kwa uwezo wa kazi, yaani mzigo unaoruhusiwa kubebwa. Kwa mashine ya magurudumu, kiwango hicho ni nusu ya uzito wa kubinuka, ambao ni mzigo unaotosha kuinua magurudumu ya nyuma mikono ikiwa imenyooka mbele. Kwa mazoea ya soko la Marekani, chini ya kilo 800 hivi ni vidogo, hadi kilo 1,000 ni vya kati, na juu ya hapo ni vikubwa. Mipaka yenyewe hulegea kutoka kampuni hadi kampuni.

Modeli mbili za Bobcat zinaonyesha tofauti hiyo vizuri. S70 ina uzito wa karibu kilo 1,270, injini ya nguvu farasi 23 hivi, na upana wa sentimita 91 ikiwa na ndoo nyembamba. Uwezo wake wa kazi ni kilo 345. S850 ina zaidi ya tani 4, injini ya nguvu farasi 92, na uwezo wa karibu kilo 1,790. Kwa mifuko ya saruji ya kilo 50, ya kwanza hubeba 6 na ya pili 35. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya ndoo. Ukiweka uma za kubebea paleti, mzigo unasogea mbali zaidi na mashine, na uwezo unashuka. Paleti ya mifuko 40, ambayo ni tani 2, inazidi uwezo wa zote mbili.

Kimo nacho kina hukumu yake. Pini ya ndoo ya S70 huinuka hadi mita 2.4, ya S850 hufika mita 3.6 na zaidi. Ndoo ikishabinuliwa ili imwage, kimo kilichobaki ni pungufu sana, kwa hiyo kidogo hakiwezi kujaza tipa yenye bodi ndefu, hata mchanga wenyewe uwe mwepesi kiasi gani. Vikubwa vingi, kwa kuwa kazi yao ni kupakia, vina mikono inayopanda karibu wima na kuuweka mzigo mbele ukiwa juu. Vidogo kwa kawaida vina mikono inayochora nusu duara, mpango rahisi na imara zaidi, unaofaa kuchimba na kusawazisha.

Mafuta ya haidroliki na injini

Mnunuzi mara nyingi hutazama ndoo na kusahau pampu. Kekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo au nyundo ndogo ya kuvunjia zege inaridhika na mtiririko wa kijiko kidogo, ambao katika S70 ni chini ya lita 40 kwa dakika. Mashine ya kukwangua lami au ya kusaga vichaka hutaka lita 100 na kuendelea, na hiyo hupatikana kwenye vikubwa vilivyofungwa pampu ya ziada. Vifaa hivi huchomekwa kwenye bamba la kishikio lenye vipimo vya pamoja, hivyo kifaa cha kampuni moja kinaweza kukaa kwenye mashine ya nyingine. Vidogo kabisa mara nyingi vina bamba jembamba la aina yake na haviingii katika mpango huo.

Nchini Marekani sheria ya moshi nayo imeingilia ukubwa. Injini ya dizeli ya nguvu farasi 75 na zaidi hubanwa na masharti makali zaidi ya gesi za naitrojeni, na kwa kawaida huhitaji tangi la pili la maji ya urea. Ndiyo maana modeli nyingi za kati, na hata baadhi ya kubwa, zimesimamishwa kwenye nguvu farasi 74. Takwimu hiyo inaporudiwa katika kampuni kadhaa, ni mwanasheria aliyeichagua kuliko fundi.

Mahali pa kila kimoja

Kidogo hustahili pale palipobana: ndani ya jengo linalobomolewa, kwenye mabanda ya kuku na ng'ombe, uani, katikati ya nyumba mbili. Hupakiwa kwenye tela na kuvutwa na pikapu. Kikubwa hutaka tela nzito na gari la kulivuta, na gharama hiyo hulipwa kila mashine inapohama. Mahali pa wazi, penye kifusi cha tani nyingi, kidogo hugeuka hasara: safari zinazidi, na mshahara wa opereta unakula kilichookolewa kwenye kodi ya mashine.

Melini tofauti hii huonekana waziwazi. Meli ya mbolea au nafaka ya kumwaga inapokaribia kwisha, vijiko huteremshwa kwa kreni ndani ya ngama. Kikubwa husukuma rundo hadi chini ya mlango wa juu. Kidogo huingia kwenye pembe na nyuma ya mbavu za meli kukomba mabaki.

Usalama haubagui ukubwa. Mikono inayoshuka ubavuni mwa kebini huponda, kwa hiyo opereta hatoki ikiwa juu, na fundi haingii chini yake kabla ya kuweka kizuizi cha chuma. Kwenye mteremko, upande mzito ndio unaotangulia juu: ndoo tupu, mlima hupandwa kinyumenyume, ndoo ikijaa, hupandwa kwa mbele. Kidogo hubinuka upesi zaidi kwa kuwa kimesimama juu ya nafasi finyu.

Anayelinganisha mashine mbili kwa karatasi za kampuni aangalie kwanza asilimia iliyotumika. Vijiko vya aina hii vyenye minyororo badala ya magurudumu hupewa uwezo wa kazi kwa asilimia 35 ya uzito wa kubinuka, wakati vya magurudumu hupewa 50. Chenye minyororo kilichoandikwa kilo 1,000 hubinuka kwa zaidi ya kilo 2,800. Cha magurudumu chenye maandishi hayohayo hubinuka kwa kilo 2,000.