Askofu

Neno "askofu" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, usquf, lenye asili ya Kigiriki: episkopos, yaani mwangalizi. Mzizi huohuo ndio uliolipa jina Kanisa la Episcopal la Marekani, lililojipangia katiba yake mwaka 1789: ni kanisa lenye maaskofu. Askofu huangalia dayosisi nzima, hivyo parishi ndogo humpokea kwa ziara tu. Kasisi ndiye anayeadhimisha Ekaristi, na shemasi, akiwapo, humsaidia na kuhudumia wahitaji. Walei waliochaguliwa na waumini huunda baraza linalosimamia fedha na majengo. Kasisi asipokuwapo, mlei mwenye kibali cha askofu huongoza sala za asubuhi na jioni.